Fitingi za bomba la kondenseti ya boila: anzia pale maji yanapoishia

Kama unaishi Uingereza na boila yako ya gesi ilifungwa baada ya mwaka 2005, inama kidogo uangalie chini yake. Kati ya yale mabomba ya kopa (shaba) yanayoshuka utaona moja la plastiki, mara nyingi jeupe, jembamba kuliko bomba la sinki, linatoka chini ya boila linapita nyuma ya kabati alafu linapotelea ukutani. Watu wengi wanaishi na hilo bomba miaka bila kulijua, mpaka siku linavuja au linaganda, ndo mtu anakimbilia dukani na picha kwenye simu anarudi na mfuko wa fitingi, yani vipande vya kuungia mabomba, ambazo hamna hata moja inayoingia. Hii naiandika kwa ajili ya huyo mtu, kwa sababu ukishaelewa mambo matatu tu, yani maji yanaishia wapi, bomba lina kipenyo gani halisi na limetengenezwa kwa plastiki gani, hutanunua kitu kwa kubahatisha tena.

Kwanza mipaka ya kazi. Kufungua kava la boila na kugusa chochote cha gesi ni kazi ya fundi aliyesajiliwa Gas Safe, yani orodha rasmi ya mafundi wa gesi, hilo halina mjadala. Ila bomba la plastiki kuanzia linapotoka nje ya boila hadi linapomwaga maji sio bomba la gesi, na mtu makini mwenye msumeno mdogo na pimamaji anaweza kulishughulikia mwenyewe. Kama umepanga, usiguse, mpigie mwenye nyumba, England sheria ya mwaka 1985 ya wenye nyumba na wapangaji inamtwika yeye matengenezo ya mfumo wa joto na maji ya moto. Na wakati unafanya kazi boila iwe imezimwa, sio imewekwa kwenye taimer, imezimwa kabisa.

Sasa haya maji yanatoka wapi? Gesi ikiungua inatoa mvuke. Boila za zamani zilikuwa zinautupa nje na joto lake lote, hizi za sasa zinaupoza humohumo ndani mpaka unageuka maji, ndo hiyo inayoitwa kondenseti, na pale unapogeuka ndo boila inavuna joto la ziada, ndo maana England na Wales walizifanya kuwa lazima kuanzia Aprili 2005. Siku ya baridi kali boila ya nyumba ya kawaida inaweza kutoa hata lita mbili kwa saa, kwaiyo sio matone ya kupuuza.

Na haya maji yana asidi. pH yake inacheza kati ya 3 na 5 hivi. Haiunguzi mkono lakini inakula kopa taratibu, inakula chuma, inakula hata sementi ikidondokea hapohapo kila siku. Waliokulia Dar au Mombasa wanakijua kile kibomba cha AC kinachodondosha maji nje ya ukuta, tafadhali usichanganye na hiki, maji ya AC ni unyevu wa hewa tu, unaweza kuyaelekeza hata kwenye ndoo ukamwagilia maua. Haya ya boila yametoka kwenye moshi wa gesi. Ndo maana fitingi zote lazima ziwe plastiki, na usikubali mtu akuwekee elbo (kipande cha kona) ya kopa ya milimita 22 eti kwa sababu inakaribiana kipenyo. Nimeshaonyeshwa bomba la namna hiyo kwenye nyumba ya dada mmoja, upande wa chini wa elbo kulikuwa na doa la kijani linaloelekea bluu, na katikati ya lile doa tone moja la maji limening'inia, linadondoka linajaa lingine. Kopa ilikuwa imetobolewa tundu ambalo hata sindano haiingii. Kabati la chini lote lilikuwa limevimba.

Anzia mwisho

Watu wote wanaanza kwenye boila wanashuka, mi nakuambia anza kinyume. Simama pale maji yatakapoingia kwenye mfumo wa majitaka alafu urudi nyuma hadi kwenye boila, kwa sababu fitingi ngumu kupata iko kule mwisho, na ndo inayoamua ununue bomba la saizi gani na la aina gani. Hizi za katikati, elbo na soketi (za kuunga mabomba mawili yaliyonyooka), zimejaa kila duka.

Mahali pazuri kuliko pote ni bomba kuu la choo, lile la milimita 110 linaloshuka wima, kama linapita ndani ya nyumba. Humo hakugandi na mteremko unakuwa rahisi. Fitingi unayotaka hapo dukani inaitwa strap boss, ni kipande kinachokumbatia lile bomba kubwa na kina mdomo pembeni wa kupokea bomba dogo. Unatoboa bomba kubwa kwa msumeno wa duara wa kwenye drili, saizi ya tundu imeandikwa kwenye fitingi yenyewe au kwenye pakiti yake, unasafisha kingo, unakikaza au unakigandisha kwa gundi kutegemea aina. Lakini ule mdomo wake mara nyingi ni mpana kuliko bomba lako, kwaiyo lazima uchukue na adapta ya ndani, ya mpira au ya plastiki, inayosema 21.5 au 32 au 40. Watu wanasahau hiyo adapta, wanafika nyumbani wana tundu kwenye bomba la choo na hawana cha kuliziba, alafu duka limefungwa. Inunue siku hiyohiyo. Na angalia usiunge chini sana, kule chini ambapo bomba linakata kona kwenda ardhini maji ya choo yanarudi juu kwa kishindo, kaa angalau milimita 450 juu ya hapo. Wala usitoboe uso kwa uso na mahali choo kinapoingilia. Kama bomba kuu lenyewe ni la chuma cha zamani, hiyo strap boss ya plastiki sio yake, hapo mwite fundi.

Kama bomba la choo liko mbali, angalia bomba la sinki la jikoni. Hapa kuna jambo watu wanalikosea sana. Ile trapu ya chini ya sinki, ile yenye mkunjo unaoshika maji, mara nyingi ina pua pembeni ya kuunganishia mashine ya kufulia, na mtu anaona eh, pua ipo wazi, nachomeka kondenseti humu. Shida ni kwamba pua iko kabla ya mkunjo, yani upande wa sinki. Siku sinki ikiziba kwa mafuta na mabaki ya wali, maji machafu yanapanda bomba la kondenseti kuelekea kwenye boila. Muongozo unataka uunge baada ya trapu, upande unaoelekea nje. Ikishindikana kabisa na lazima uunge kabla, basi pawe na mwanya wa hewa unaoonekana kwa macho kati ya bomba la boila na hiyo sinki, ili likija rudio la maji limwagike hapo ulione badala ya kuingia ndani ya boila. Kwa kuunga baada ya trapu unahitaji tii, fitingi yenye midomo mitatu, ya milimita 40, chukua ile ambayo tawi lake limepinda kufuata mwelekeo wa maji, sio ile ya mraba, alafu ridyusa ya kushusha kutoka 40 kuja kwenye saizi ya bomba lako.

Gali ya nje, ile yenye wavu chini pembeni ya ukuta wa jikoni, ni chaguo la tatu, na ndo nyumba nyingi zimefungwa hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kwa fundi. Hapa huhitaji fitingi ya mwisho kabisa, unahitaji bomba lipite kwenye wavu na liishie chini ya wavu lakini juu ya maji yaliyotuama, na ncha ikatwe kwa kuinamia digrii 45. Bomba lililoishia juu ya wavu upepo wa baridi unalipiga mdomoni na ndo linaanza kugandia hapo.

Bomba la maji ya mvua? Hapana, mpaka uwe na uhakika kwamba kwenye mtaa wako mvua na majitaka vinaingia mfereji mmoja. Sehemu nyingi zilizojengwa karibuni mvua ina mfereji wake unaoenda mtoni, na hayo maji yako ya asidi yataenda hukohuko. Na kama hamna mfereji wowote unaofikika, kuna shimo la kunyonyea lenye vipande vya mawe ya chokaa vinavyopunguza asidi, linachimbwa angalau milimita 500 kutoka kwenye ukuta. Boila ikiwa chini ya usawa wa mifereji yote, mfano iko beizimenti, hapo ni pampu ya kondenseti tu, ina tanki lake dogo na bomba lake laini, na fitingi zake zinakuja nayo.

Namba kwenye bomba zinadanganya

Sasa vipimo, na hapa ndo pesa nyingi inapotea. Kwenye kazi hii utakutana na saizi tatu. Kuna 21.5, hii dukani utaikuta sehemu ya mabomba ya ovafulo, yale ya kutolea maji yanayofurika. Kuna 32, inauzwa kama bomba la majitaka ya beseni la kunawia. Na 40, ya sinki na bafu. Ile 21.5 imepimwa kwa nje. Lakini 32 na 40 ni majina tu, ukiweka kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, juu ya bomba la 32 hupati 32. Bomba la 32 la kugundisha, yani la kuungwa kwa gundi, lina kama milimita 36 kwa nje, na bomba la 32 la kusukuma, lile linaloshikwa na pete ya mpira, lina kama 34.6. Umeona hapo? Mabomba mawili, yote meupe, yote yameandikwa 32, yamelala rafu moja, na hayaingiliani. Tofauti ya milimita moja na nusu tu, kwa macho huioni, lakini ukilichomeka la 34.6 kwenye fitingi ya 36 linacheza cheza, na hamna gundi duniani itakayojaza huo mwanya vizuri. Kwa 40 ni hivyohivyo, la kugundisha lina kama 43 na la kusukuma kama 41.

Kwaiyo pima nje kwa kalipa, zile za plastiki ni bei ndogo na zinatosha. Huna kalipa, zungusha karatasi kwenye bomba, weka alama inapokutana, nyoosha upime urefu alafu gawanya kwa 3.14. Ukipata mzunguko wa milimita 113 hivi una bomba la kugundisha la 32, ukipata 109 una la kusukuma. Kwa 21.5 njia hii haikusaidii sana maana hapo aina zote mbili zinakaribiana mno, inabidi ujue plastiki yenyewe.

Na plastiki ndo kiini cha mambo. Kuna familia mbili. Ya kwanza inaungwa kwa gundi ya kuyeyusha, kwenye pakiti utaona maneno "solvent weld", hizo ni ABS au PVC, ile gundi inalainisha ngozi ya plastiki pande zote mbili zinashikana zinakuwa kitu kimoja. Ya pili ni ya kusukuma, "push-fit", hiyo ni polipropilini, maandishi kwenye bomba yanasema PP, na inashikwa na pete ya mpira ndani ya fitingi. Polipropilini haishiki gundi. Haishiki kabisa. Unaweza kuipaka ikakauka ikaonekana safi, alafu ukavuta kwa vidole viwili inachomoka. Fundi asiye makini akigundisha bomba la PP kwa fitingi ya PVC linaweza kukaa miezi kwa kubanana tu, mpaka siku mtu anapanga sufuria kwenye kabati analigusa.

Kama maandishi yamefutika au yako upande wa ukutani, kata kipande kidogo, hata cha sentimita moja, kitie kwenye glasi ya maji, kizamishe kwa kidole mapovu yatoke, kiachie. Kikipanda juu ni polipropilini, kikibaki chini ni ABS au PVC. Jaribio hili halijawahi kunisumbua, na ni la dakika moja. Njia nyingine ni kupapasa kwa vidole, PP ina utelezi wa nta, PVC ni ngumu na kavu mkononi.

Sasa ikitokea bomba la ukutani ni la aina moja na fitingi za duka lako ni za aina nyingine, au hujui kabisa, usihangaike, kuna familia ya tatu ya kukaza kwa mkono, ina nati kubwa ya plastiki, washa na pete ya mpira inayobana bomba. Hizo zinameza aina zote mbili. Kampuni ya McAlpine ya Glasgow wanatengeneza nyingi sana za hivi, wanaziita Multifit, na wana za mdomo mdogo wa milimita 19 hadi 23 kwa ajili ya bomba jembamba la kondenseti. Ni ghali kuliko za gundi, lakini kwa mtu anayeunga kitu kipya kwenye kitu cha zamani mi nampendekezea hizi kwanza, kwa sababu unaweza kuzifungua ukakosea ukafunga tena. Za gundi ukikosea umekata bomba.

Unapofika kaunta usiseme "nataka elbo ya bomba la boila". Sema saizi, sema aina ya muungano, sema digrii za kona. Mfano: elbo ya ovafulo ya 21.5 ya gundi, digrii 90. Na ukiweza beba kipande cha bomba mfukoni, ukijaribishe palepale.

Kutoka kwenye boila kurudi chini

Kitabu cha boila kina ukurasa wa kondenseti, utafute, kama kimepotea andika jina na modeli kwenye intaneti utakipata. Humo wanakuambia mdomo wa boila ni wa aina gani. Nyingi zinataka bomba la 21.5 au 22, nyingine zinakuja na kipande cha mpira laini chenye klipu, na hapo bomba linaingia kwenye mpira bila gundi. Acha muungano huu wa kwanza uwe wa kufunguka, mpira au wa kukaza, maana fundi wa sevisi atahitaji kuuachia. Ukiugundisha unamlazimisha akate.

Kuna sheria moja ya ridyusa ambayo haina tofauti popote: ukifuata maji yanakoenda, bomba linaweza kupanuka lakini lisipungue. 21.5 kwenda 32 sawa, 32 kwenda 21.5 hapana, hata kwa sentimita kumi, hata ukiwa umebakiza kipande kimoja tu cha kumalizia. Pale penye kupungua ndo uchafu na barafu vinapokaa.

Kama bomba linatoka nje ya nyumba, panua kuwa 32 ukiwa bado ndani, kabla ya ukuta, sio baada. Yani ridyusa iko upande wa joto. Tundu la ukutani litobolewe likiinamia nje.

Mteremko: kiwango cha chini ambacho miongozo imetaja kwa miaka mingi ni milimita 45 kwa kila mita, na watengenezaji wengi sasa wanataka digrii 3, ambayo ni milimita 52 kwa mita. Fuata 52, hutajuta. Bomba la mita mbili linashuka zaidi ya sentimita kumi, hiyo sio kidogo, ndo maana nilisema anza mwisho, kwa sababu ukianza kwenye boila unaweza kufika kwenye tundu la ukutani ukakuta umeshashuka chini ya tundu. Elbo nazo zina siri yake hapa. Kwenye mabomba ya 32 na 40 ya gundi utakuta kona zimeandikwa 92.5 badala ya 90, watu wanadhani ni hitilafu, wanazirudisha. Hizo digrii 2.5 za ziada ndo mteremko wenyewe, bomba la wima likikaa wima kabisa, la ulalo linatoka likiwa limeinama tayari. Kwa kutoka kwenye wima kwenda kwenye ulalo chukua hiyo ya 92.5 iliyopinda taratibu. Na popote unapoweza, badala ya kona moja kali weka mbili za digrii 45.

Klipu usizionee ubahili. Bomba la 21.5 la ulalo liweke klipu kila nusu mita, maana maji yanayopita ni ya uvuguvugu na plastiki nyembamba inalegea katikati inatengeneza tumbo, tumbo linashika maji, na maji yaliyotuama ndo yanayoganda au kuota ule uteute mweusi.

Kuunga kwenyewe

Kata bomba kwa mraba, ondoa vile vinyuzi vya plastiki ndani na nje kwa kisu au tupa, ndani pia usiruke, kinyuzi kimoja kikibaki kinakusanya kila kinachopita. Panga kila kitu kikavu kwanza bila gundi, kutoka mwanzo hadi mwisho, chora mstari wa penseli kwenye kila muungano ili ujue kona inaangalia wapi. Alafu ndo uanze kugundisha moja moja: msasa kidogo, futa vumbi, paka gundi kwenye bomba na kidogo ndani ya fitingi, sukuma huku unazungusha robo mzunguko, linganisha mistari, shikilia kidogo. Una sekunde chache tu kabla haijashika. Dirisha liwe wazi, hiyo harufu sio ya mchezo, na usivute sigara hapo. Soma kwenye kopo inasema usubiri muda gani kabla ya kupitisha maji.

Za kusukuma zinataka ncha ichongwe mshazari kwa tupa, la sivyo inang'oa pete ya mpira inaisukuma ndani na hutaona mpaka ivuje. Paka silikoni ya kulainishia, sukuma mpaka mwisho, weka alama, alafu rudisha nyuma milimita 10 hivi, polipropilini inatanuka ikipata joto inahitaji hiyo nafasi.

Upande wa nje

Kama kuna kipande cha nje, kiwe kifupi iwezekanavyo, kisizidi mita tatu, kiwe 32 na sio 21.5, na kivikwe sponji ya bomba isiyoingiza maji na isiyoharibiwa na jua, mpaka kwenye kona zote, mpaka pale linapoingia ukutani. Sponji ya ndani ya nyumba ukiiweka nje inanyonya mvua na hapo umelivika bomba barafu. Desemba 2010 na tena mwisho wa Februari kuingia Machi 2018 mabomba ya kondenseti yaligandia nchi nzima, watu walibaki bila joto siku ambazo joto linahitajika kuliko zote, na kwa kiasi kikubwa waathirika walikuwa ni hawa wenye bomba jembamba la 21.5 lililotembea ukutani nje likiwa uchi.

Dalili za kuganda ni mlio wa maji yanayogugumia ndani ya boila alafu inazima na kuonyesha msimbo wa kushindwa kuwaka, EA au F28 kwa mfano, kutegemea kampuni. Misimbo hiyo ina sababu nyingine pia, lakini kama nje ni chini ya sifuri anza na bomba. Mwagia maji ya uvuguvugu, sio yanayochemka, kwenye ncha na kwenye kona, au fungia chupa ya maji ya moto, alafu bonyeza kitufe cha kuanzisha boila upya (reset). Sakafu ya nje ikilowa mwagia chumvi, watu wanateleza.

Kabla ya kuwasha

Kabla hujaunga na boila, mimina maji taratibu kwenye mdomo wa juu wa bomba, lita nzima, mwenzako asimame mwisho. Yatoke mfululizo bila kukatika, na ukiacha kumimina yaishe haraka. Yakiendelea kuchuruzika kidogo kidogo muda mrefu kuna tumbo mahali. Pitisha tishu kavu kila muungano, macho hayaoni unyevu mdogo lakini tishu inaona.

Na hili usiliruke: kama ile trapu ya boila ilimwagika maji wakati wa kazi, lazima ijazwe kabla ya kuwasha. Yale maji ndo yanayozuia moshi wa gesi usishuke na bomba la kondenseti kuingia ndani ya nyumba. Trapu nyingi ziko ndani ya kava, kwaiyo kujaza ni kwa fundi wa Gas Safe, usiwashe ukimsubiri. Alamu ya kaboni monoksaidi (gesi ya sumu) iwepo chumba chenye boila, ibonyeze uone kama inalia.

Ukimaliza chukua kalamu ya wino usiofutika andika kwenye bomba karibu na kila badiliko la aina, "ABS 21.5 gundi", "PP 32 kusukuma", pamoja na mwaka. Kile kipande cha bomba kilichobaki na adapta za ziada vifunge kwenye mfuko uvining'inize ndani ya kabati, chini ya boila.